Kuchora hujui, lakini sanaa unaipenda? Kasome

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kusomea historia na nadharia ya sanaa ya kisasa chuo kikuu ilhali kuchora hujui. Unaweza kabisa. Kule kazi kubwa ni kutazama, kusoma na kuandika.

Chukua mchoro wa Edward Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam: ubao wa mraba, rangi ya mafuta inayong'aa, chui katikati. Utajiuliza kwa nini rangi ile ya dukani, na nani alikuwa akinunua michoro hiyo Dar es Salaam mwaka 1968. Sam Ntiro, mchoraji mwingine wa Tanzania, aliyesomea Makerere na London, anaitwa msanii wa kisasa. Mbona Tingatinga aliitwa mchoraji wa watalii? Nadharia iko hapo hapo.

Kabla hujatuma maombi, nenda Nafasi Art Space, kituo cha sanaa cha Dar es Salaam, simama mbele ya kazi moja nusu saa, kisha uiandikie ukurasa mzima.