Alama Fiche Kwenye Kanzidata: Kwa Unayeanza Kazi Hii

Jambo la kwanza ninalomwambia kila kijana anayejiunga nasi ni kwamba alama fiche, yaani mabadiliko madogo ya siri unayoyaingiza kwenye data yako, haimzuii mwizi. Nywila, ruhusa za watumiaji na usimbaji (kuigeuza data isisomeke bila ufunguo) ndivyo vya kumzuia. Alama hufanya kazi data ikishaibwa: inaonyesha kwamba jedwali analouza mwingine lilitoka kwako. Ni ushahidi, kwa hiyo iandae ukimfikiria mtu atakayeupinga.

Kaa na mbinu ambayo Rakesh Agrawal na Jerry Kiernan wa IBM waliichapisha mwaka 2002 mpaka uielewe. Unachukua ufunguo msingi wa kila safu mlalo (thamani inayoitambulisha safu hiyo peke yake), unauchanganya na ufunguo wako wa siri kwa kanuni ya heshi (hesabu inayotoa namba isiyotabirika bila ufunguo huo), na jibu linaamua kama safu hiyo itiwe alama, kwenye safu wima ipi, biti ipi (tarakimu ya 0 au 1 ambazo kompyuta huandikia namba) kati ya zile za mwisho, zenye uzito mdogo, na biti hiyo iwe 0 au 1. Tuseme jedwali lina safu 100,000 na unatia alama moja katika kila 100. Utapata kama 1,000, na karibu nusu yake hazitabadilika hata kidogo, kwa kuwa biti tayari ina thamani inayotakiwa.

Siku ya ukaguzi hutahitaji nakala ya awali. Rudia hesabu ileile kwenye jedwali unalolishuku, kisha hesabu biti zinazolingana. Kwenye data isiyo yako zitalingana takriban 500, kwa bahati tu. Zikifika 550, uwezekano wa bahati kuleta hivyo uko chini ya 1 kwa 1,000. Mwizi akifuta nusu ya safu, zilizobaki bado zinamtaja mwenyewe. Akipanga jedwali upya alama haipotei, maana mpangilio haukutegemewa tangu mwanzo. Mimi bado naiheshimu sana akili iliyoliona hilo.

Je, akitupa ufunguo msingi, au akazipa safu namba mpya? Hapo mbinu inavunjika, na wengi wanaoanza hawalifikirii. Unaweza kuunda ufunguo mbadala kutokana na biti za mwanzo, zenye uzito mkubwa, za thamani zenyewe, ambazo akizigusa anaiharibu data anayotaka kuiuza. Ila safu mbili zinaweza kupata ufunguo mmoja, basi pima hilo kwenye jedwali lako kabla ya kuitegemea njia hii.

Usitie alama safu wima yoyote kabla ya kuongea na wanaoitumia. Joto la hewa lililoandikwa hadi sehemu ya mia ya nyuzi linavumilia badiliko dogo. Kipimo cha dawa, salio la akaunti na namba ya simu havivumilii hata kidogo. Hapo mgonjwa au mwenye akaunti anatangulia, ulinzi wako unafuata.

Halafu kuna sheria. Kule Kansas, Marekani, kampuni ya simu ya Rural iliingiza majina ya kubuni kwenye kitabu chake cha namba za simu. Manne yakaonekana kwenye kitabu cha Feist, kampuni nyingine iliyochapisha vitabu vya namba za simu. Kunakili kulikuwa wazi, lakini mwaka 1991 Mahakama ya Juu iliipa Feist ushindi: majina na namba zilizopangwa kwa alfabeti hazikuwa na ubunifu wa kulindwa na hakimiliki. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 1996, huilinda kwa miaka 15 kanzidata iliyogharimu uwekezaji mkubwa. Kwa hiyo usitoe data bila mkataba unaokataza kuisambaza, na kila mpokeaji mpe nakala yenye alama yake pekee, ili ikivuja ujue imepitia kwa nani.

Ufunguo wa siri usikae kwenye seva ileile yenye kanzidata. Weka pia kumbukumbu yenye tarehe inayothibitika ya siku ulipotia alama, kwa sababu mwizi mjanja hutia ya kwake juu ya yako kisha akadai ndiye wa kwanza. Na kila jedwali liwe na ufunguo wake: siku ukilazimika kuufichua mbele ya hakimu, majedwali mengine yabaki salama.