Kidonda cha mdomoni wiki ya tisa, na doa jeupe la ugoro: dokta wa kinywa anajibu meseji zenu

Jamani mwezi huu meseji zimekuja nyingi mno na karibu zote zinazunguka jambo moja, kitu mdomoni au kooni ambacho hakitaki kuondoka. Kwa hiyo mambo ya kusafisha meno na kuziba yaliyotoboka nimeyaweka pembeni kwanza, tutayarudia. Nyingine nimezifupisha na nimetoa chochote cha kumtambulisha mtu.

Shikamoo dokta. Mie naendesha boda Mbagala, ugoro naweka tangu niko kijijini, naweka hapa mbele ndani ya mdomo wa chini. Sasa pale pale pamekuwa peupe halafu pamekunjamana, hapaumi wala nini. Jamaa kijiweni anasema ni fangasi nipake dawa tu. Ni kweli?

Marahaba mdogo wangu. Chukua pamba safi, nawa mikono, geuza mdomo mbele ya kioo na ufute pale taratibu. Fangasi ikifutwa inatoka kama maziwa yaliyoganda na chini yake panabaki pekundu. Ikigoma kutoka, na kwa ulivyoeleza naona itagoma, basi mara nyingi hiyo sio fangasi, ngozi yenyewe ya mdomo imekuwa nene kwa sababu ya kile unachoiwekea kila siku, na dawa ya fangasi utapaka mpaka uchoke.

Ugoro wetu ni tumbaku iliyosagwa na wengi wanaichanganya na magadi, sasa yale magadi ndo yanafanya nikotini ipenye haraka, ndo maana stimu unaisikia hapo hapo, ila ndani ya tumbaku hiyo hiyo kuna kemikali zinaitwa nitrosamini ambazo zinaloweka nyama ile ile asubuhi mpaka jioni mwaka baada ya mwaka. Kwamba tumbaku isiyovutwa inaleta kansa ya mdomo halina ubishi tena, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeshaliweka kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu vyenye uhakika.

Sasa usipaniki. Madoa meupe mengi hayageuki kansa, na ya ugoro mara nyingi yanapungua au yanapotea kabisa mtu akiacha kwa wiki kadhaa. Tatizo ni kwamba mie kwa macho siwezi kukwambia lipi litageuka na lipi litatulia, hakuna dokta anayeweza. Kwa hiyo acha kuweka kuanzia leo, na hiki namaanisha acha, sio kuhamishia upande wa pili, halafu ndani ya wiki mbili tatu nenda kliniki ya meno wapaangalie. Ila ukiona sehemu ya lile doa imekuwa nyekundu laini kama velveti, au pamekuwa pagumu, usisubiri hizo wiki, nenda kesho. Doa jekundu lisilo na sababu linatutisha kuliko jeupe, tena sana.

Dokta habari. Naandika kutoka Tandika kuhusu mume wangu, ana miaka 58, anauza samaki Feri. Ana kidonda pembeni ya ulimi sasa wiki ya tisa, duka la dawa wamempa antibayotiki mara tatu na GV, hakuna kitu. Hospitali wanataka akatwe kinyama kikapimwe, shemeji zangu wamekataa katakata, wanasema kansa ikiguswa na kisu inasambaa, jirani yao alikatwa na haikufika miezi minne wakamzika. Nifanyeje?

Mama, swali lako nimelisoma mara nyingi kuliko yote, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu hilo neno la shemeji zako nalisikia karibu kila wiki.

Kukata kinyama hakusambazi kansa ya ulimi. Yule jirani sina shaka alikatwa na sina shaka alifariki, ila jiulizeni alifika hospitali kidonda kikiwa na muda gani. Watu wetu wanaanza na maji ya chumvi, wanaenda duka la dawa, wanaenda kwa mganga, wanarudi duka la dawa, na wakifika kwetu tezi za shingoni zimeshavimba na kula hawawezi, hapo ndo anakatwa, halafu anafariki na lawama yote anabebeshwa kisu. Kisu ndo kimekuja mwisho kabisa.

Ngoja nikueleze kinachofanyika ili ukawaeleze na wao, maana naona mtu akisikia "kukatwa" anafikiria ulimi mzima. Anachomwa sindano ya ganzi, inauma kama kung'atwa na siafu kwa sekunde chache halafu panakufa ganzi. Dokta anatoa kipande kidogo, kikubwa kidogo tu kuliko punje ya mchele, kwenye ukingo wa kidonda pale kidonda kinapokutana na nyama nzima, anashona nyuzi moja au mbili, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo anakunywa uji uliopoa. Kile kipande kinatumbukizwa kwenye kichupa cha fomalini kisioze, maabara wanakigandisha ndani ya nta, wanakikata vipande vyembamba kuliko unywele, wanavipaka rangi mbili, moja inaacha bluu na nyingine pinki, na mtaalamu wa patholojia anaviangalia kwenye hadubini. Anatafuta kama seli zimebaki kwenye mpangilio wake, au zimeanza kubadilika, au zimeshavunja ukuta na kuingia chini. Hizo ni habari tatu tofauti na matibabu yake ni tofauti, na hakuna njia ya kuzijua kwa kumulika tochi.

Na majibu yakija "hakuna kansa" lakini kidonda bado kipo, mrudi, msikae. Kuna kisa cha zamani tulisimuliwa chuoni, cha mfalme wa Ujerumani Friedrich III. Mwaka 1887 madaktari wa Berlin walishuku kansa ya koo, akaitwa daktari wa Uingereza Morell Mackenzie, akatoa vipande, na aliyeviangalia alikuwa Rudolf Virchow, baba wa patholojia mwenyewe, akasema haoni kansa. Juni 1888 mfalme akafa, ametawala siku 99 tu, na walipompasua wakaikuta kansa. Ni mwaka ule ule wa vita vya Abushiri huku kwetu pwani. Yaani kipande kinasema ukweli wa mahali kilipotoka tu, kikitolewa pasipo penyewe mtaalamu hata awe Virchow hawezi kuona kisichokuwepo. Ndo maana wakati mwingine tunarudia, sio kwamba tunamchezea mgonjwa.

Nikwambie na langu. Mwanzoni kabisa mwa kazi, kwenye zahanati moja niliyokuwepo, alikuja mzee na kidonda pembeni ya ulimi kama mumeo, palikuwa na jino limevunjika linamkwaruza, nikalichonga lile jino, nikampa dawa ya kusukutua, nikamwambia atapona. Kuchonga jino lilikuwa sawa. Ila sikumwambia arudi baada ya wiki mbili nihakikishe, sikumpa hata tarehe. Alirudi baada ya miezi mitano ana donge shingoni. Yule mzee simsahau, na tangu siku ile hakuna mtu anatoka chumbani kwangu na kidonda bila tarehe ya kurudi mkononi.

Sasa kuhusu mumeo, wiki tisa ni nyingi, sisi tunahesabu wiki tatu tu, na pembeni ya ulimi ni moja ya sehemu ambazo kansa ya mdomo inapenda. Sisemi anayo, sijamuona. Nasema aende wiki hii, asinywe antibayotiki ya nne, na wewe uende naye, maana wanaume wakiambiwa mambo haya peke yao wakifika nyumbani wanasema "dokta kasema niko fresh". Ikigundulika mapema inaweza kuishia kwenye upasuaji mdogo tu, ikiwa imekua ndo inaingia mionzi pale hospitali ya kansa ya Ocean Road na upasuaji mkubwa wa shingo. Shemeji wakibisha mnaenda nao, mwambieni dokta awaeleze wote pamoja, hata mie nafanya hivyo, viti vikipungua wanasimama.

Mambo dokta, niko Sinza. Mie nilitolewa hicho kinyama nyuma ya koo karibu na findo, na kabla ya hapo dada mmoja akaniletea karatasi kurasa kadhaa nisaini nyama yangu itumike kwenye utafiti wa HPV. Nikasaini kwa kuogopa. Sasa silali, najiona kama nimeuza mwili. Na HPV si kirusi cha mlango wa kizazi, kinatafuta nini kooni kwangu?

Poa dada, pole na mawazo. Hukuuza kitu. Utafiti wowote wa afya hapa kwetu lazima upitishwe na kamati ya maadili, ile ya taifa iko NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na vyuo vina zao, na kwenye hiyo karatasi uliyosaini kuna mambo ambayo ni haki yako: kwamba ungeweza kukataa na ungetibiwa vile vile, kwamba unaweza kujitoa hata leo bila kutoa sababu, na kwamba taarifa zako zinatunzwa kwa siri. Ulitakiwa upewe nakala na usomewe kwa Kiswahili. Kama hukupewa, rudi ukaidai, kuna namba ya simu humo ya kuuliza. Na kusaini kwa kuogopa sio kuridhia, huyo dada alipaswa akupe muda, kwa hiyo nenda uulize upya yote yanayokuumiza kichwa, halafu uamue sasa ukiwa umetulia. Ukisema hapana ni hapana.

Kuhusu kirusi, ni kile kile, hasa aina ya 16. Kinapenda ngozi laini yenye unyevu na kwenye koo kinajificha kwenye mafindo na kwenye shina la ulimi. Marekani na nchi za Ulaya kaskazini kansa za eneo hilo sasa hivi nyingi zinatokana nacho, wakati tafiti nyingi za Afrika zimekuta sehemu ndogo zaidi, huku tumbaku na pombe ndo bado zinaongoza, na viwili hivyo vikikutana kwa mtu mmoja hatari haijumlishwi, inazidishwa. Kirusi hiki karibu kila mtu aliyewahi kuwa na mwenza anakutana nacho na kwa wengi mwili unakifukuza wenyewe, kwa hiyo ukikutwa nacho hakuna anayekuuliza ulikuwa unaishi vipi, na akikuuliza kwa dharau huyo hajui kazi yake.

Unaniuliza kimoyomoyo kipande chako kitasaidia nini. Dada, tunayoyajua yote yametoka kwa watu waliosema ndio. Pale Mwanza wasichana 930 wa miaka 9 mpaka 14 walikubali kuingia kwenye utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV, ikaonekana hata dozi moja inaamsha kinga imara, na kwetu tangu 2024 binti wa miaka 9 mpaka 14 anachomwa mara moja tu yamekwisha. Kule Kerala, India, watu karibu 190,000 waligawanywa kwa maeneo, upande mmoja wahudumu wa afya wakawa wanapita kuwamulika watu mdomoni kwa tochi, basi, hakuna mashine. Matokeo yalitoka 2005, kati ya watumiaji wa tumbaku au pombe vifo vya kansa ya mdomo vilipungua karibu theluthi. Kwa tochi tu! Mie hiyo habari huwa inanipa nguvu ya kuamka asubuhi.

Dokta mwanangu, mie mzee wa Kariakoo, tambuu nakula tangu ujana, sivuti wala silewi. Siku hizi pilipili kidogo tu mdomo unawaka moto na mdomo haufunguki vizuri. Ni uzee?

Shikamoo mzee wangu. Sio uzee. Jaribu kuingiza vidole vyako vitatu vilivyosimama kati ya meno ya juu na ya chini, vikikataa kuingia basi mashavu yako kwa ndani yameshaanza kukakamaa, ukipapasa utasikia kama kuna kamba. Kinachofanya hivyo ni popoo, ile kokwa iliyomo kwenye tambuu, hata kama tumbaku huweki, na chokaa inaongeza ukali. Ugonjwa huu una historia na huku kwetu kabisa, daktari aliyeuandika mwanzo 1952, Schwartz, aliuona kwa akinamama watano wa Kihindi waliokuwa wanaishi Kenya. Ukakamavu ukishaingia haurudi wote nyuma, mazoezi na sindano zinasaidia kiasi, na mdomo wa namna hiyo una uwezekano mkubwa zaidi kupata kansa, kwa hiyo acha popoo kabisa na uwe unaangaliwa mara kwa mara hata ukijisikia mzima. Najua tambuu ni maongezi na ni heshima ya mgeni, mzee wangu, lakini kahawa na kashata navyo ni heshima.

Mama mkwe anataka mwanangu wa mwaka mmoja akatwe kimeo kwa sababu ya kikohozi. (Gongo la Mboto)

Hapana mama. Kimeo sio ugonjwa, kila mtu anacho. Watoto wanaletwa wanavuja damu au wana sepsisi, yaani maambukizi yaliyosambaa mwilini, baada ya kukatwa, na kikohozi bado kipo kwa sababu kilikuwa kifuani. Mpeleke kituo cha afya leo, na mama mkwe nenda naye asikilize mwenyewe.

Naimba kwaya Tabata na nafundisha shule ya msingi. Sauti imekwaruza tangu Pasaka, tangawizi na asali nimemaliza.

Mwalimu, Pasaka ni zamani. Kwa mwalimu anayeimba pia, mara nyingi ni vinundu kwenye nyuzi za sauti tu, ila sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu lazima mtu aione hiyo nyuzi kwa macho, na mie dokta wa meno sina kifaa hicho. Omba rufaa ya idara ya masikio, pua na koo, wanapitisha kamera nyembamba puani, dakika chache. Ukimeza kwa shida, ukikohoa damu, sikio la upande mmoja likiuma bila sababu au ukiona uvimbe shingoni, waambie hapo hapo mapokezi wasikupange mwezi ujao. Na mazoezi ya Jumamosi hii usiimbe, wapigie makofi tu.