Pawasaplai inaanguka hadi 0.3 V? Pima kwanza bodi tupu

Mkuu, pole. Umesema bodi tano za saketi ulizoagiza kiwandani zimefika, umelehemu vifaa kwenye moja, na ukiiwasha kwa 5 V, kikomo ampea 1, pawasaplai inaanguka hadi 0.3 V. Sasa unataka kukiandikia kiwanda barua kali. Subiri. Mimi barua hiyo niliwahi kuiandika, halafu ikabidi niandike nyingine ya kuomba radhi.

Chukua moja ya zile nne tupu, weka multimita kwenye mlio, gusa 5 V na graundi. Ikilia, shoti imo kwenye kopa yenyewe. Fungua faili za Gerber (michoro ya kopa uliyokipelekea kiwanda): ukiikuta humo pia, uliichora mwenyewe na kiwanda kimekutii tu. Isipolia, mshtakiwa ni mkono wako, au kifaa ulichokibandika.

Hata hiyo 0.3 V inasema kitu. Kwa ampea 1 ni omu 0.3, waya zikiwemo. Hiyo ni shoti kavu. Ingegota kwenye 0.7 V hivi ningekuambia utafute diodi au aisi (chipu) iliyogeuzwa.

Kuitafuta, usianze kung'oa vifaa kimoja kimoja. Nilifanya hivyo nikaondoka na pedi tatu (vipande vya kopa vya kulehemia) kabla akili hazijanirudia. Iache ampea 1 ipite, weka multimita kwenye milivolti, ncha moja ishikilie pale 5 V inapoingilia, nyingine itembeze juu ya njia ya 5 V. Kopa ya kawaida ina unene wa mikromita 35. Njia yenye upana wa milimita 0.5 hupoteza kama milivolti 10 kila milimita 10. Namba itapanda kadiri unavyoufuata mkondo. Ikigoma kupanda, umeshaipita shoti.

Kama 5 V umeimwaga kopa eneo zima, tofauti zitakuwa ndogo mno kusomeka. Hapo paka spiriti kidogo juu ya bodi, uangalie wapi panawahi kukauka. (Pasi ya kulehemu iwe mbali na imezimwa. Spiriti haina utani.)

Yangu ilikaukia juu ya kakapasita ka kauri ka 100 nF ukingoni mwa bodi. Kwa macho kalikuwa kazima kabisa. Chini ya lenzi nikaona ufa, mwembamba kuliko unywele, umeanzia kwenye risasi ya kulehemu na kupanda kishazari hadi katikati. Ndipo nikakumbuka: bodi zilikuja zimeungana kwenye paneli, nikalehemu kwanza, halafu nikazivunja kwa mkono kama mtu anavyovunja biskuti. Kauri haivumilii kupindwa. Ndani ya kapasita ile kuna tabaka nyingi za metali zinazokaribiana sana, na ufa ukizikutanisha unabaki na waya tu.

Tangu hapo kapasita za kauri naziweka mbali na mstari wa kukatia. Nikikosa nafasi, nazilaza sambamba na mstari, si kuuelekea, maana zikiuelekea hupokea mpindo wote kwa urefu wao. Na paneli nazitenganisha kabla ya kulehemu, hata kama kazi inakuwa ndefu.

Wewe hujasema kama zako zilikuja kwenye paneli. Pima ile tupu, kisha rudi na majibu na picha ya kingo za hiyo uliyoilehemu.