Mume wangu anataka akiba yetu iingie kwenye hisa za kompyuta za kwantamu

*Shangazi, tunaishi Minneapolis na watoto wetu wawili. Tumeweka akiba dola 18,000 za kuanza kujenga nyumbani Kenya mwaka ujao. Sasa mume wangu anataka 15,000 ziende kwenye hisa za kampuni moja ya kompyuta za kwantamu, na mimi niuze hisa zangu za Safaricom nilizonunua mwaka 2008 ili tuongezee. Nikisema kampuni hiyo haijapata faida hata mara moja, ananijibu kwamba hata M-Pesa ilianza kama ndoto. Siku hizi hatuongei vizuri. Je, mimi ndiye ninayeturudisha nyuma? — Mama Wawili*

Mwanangu, humrudishi mtu nyuma. Lakini usimwone mume wako kama mtu aliyeingiwa na tamaa, maana kuhusu teknolojia yenyewe huenda anasema kweli. Kinachowagombanisha ni kwamba kila mmoja ana swali lake. Yeye anauliza kama mashine hizi, zinazohesabu kwa kutumia tabia za chembe ndogo sana kama atomu, zitafanya kazi. Wewe unauliza kama pesa zenu zitarudi. Jibu la kwanza laweza kuwa ndiyo, la pili likawa hapana. Walionunua hisa za Cisco, kampuni ya Marekani ya vifaa vya mtandao, mwezi Machi 2000 kwa karibu dola 80 hawakukosea hata kidogo kuhusu intaneti, na kampuni iliendelea kuuza vifaa vyake dunia nzima. Hata hivyo, mwaka 2002 hisa ilishuka chini ya dola 10, na ilichukua zaidi ya miaka 20 kurudi ilikotoka.

Sasa huo mfano wa M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu. Unakuunga mkono wewe kuliko yeye, na ningependa mkae nao mezani. Hisa zilipouzwa kwa umma mwaka 2008, bei ilikuwa shilingi 5 na hisa zote zilikuwa takriban bilioni 40. Maana yake kampuni nzima ilithaminiwa shilingi bilioni 200. Mwaka wa hesabu uliokuwa umeisha Machi ulileta faida ya karibu bilioni 14 baada ya kodi. Gawanya: mlilipa kama mara 14 ya faida ya mwaka mmoja, faida iliyotokana na watu kupiga simu. M-Pesa, iliyokuwa na mwaka mmoja tu, mliipata kama nyongeza ya muuzaji. Na bado bei iliteremka chini ya shilingi 3 mwaka 2009. Tena hesabu za hisa: hadi leo ni zile zile bilioni 40. Fungu lako halikupunguzwa.

Kwenye kampuni za kwantamu mambo yako kinyume. Chukua IonQ, moja ya zinazojulikana zaidi. Mwaka 2024 mauzo yake yalikuwa takriban dola milioni 43, na hasara ikazidi milioni 300. Mwaka ulipoisha, soko lilikuwa linaithamini zaidi ya mara 150 ya mauzo hayo. Ili siku moja ithaminiwe mara 10 ya mauzo bila bei ya hisa kushuka, mauzo lazima yakue mara 15, na hapo tuseme haijatoa hata hisa moja mpya. Itatoa, kwa sababu kampuni isiyopata faida huishi kwa kuuza hisa mpya. Ni chai inayoongezwa maji: kikombe kinajaa, utamu unapungua.

Kwa hiyo fanyeni hivi jioni moja watoto wakishalala. Ingieni kwenye tovuti ya SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, mtafute ripoti ya mwaka ya kampuni anayoitaka, ile iitwayo 10-K. Yeye asome, wewe uandike. Ukurasa wa mbele unaonyesha idadi ya hisa. Fungueni na ripoti ya miaka mitatu nyuma mlinganishe. Zikiwa zimetoka milioni 100 hadi 160, kila aliyekuwa na asilimia moja sasa ana kama 0.6.

Kisha nendeni kwenye jedwali la mtiririko wa fedha taslimu. Msiishie kwenye mstari wa hasara, kwani hasara ya kihesabu huchanganya vitu visivyotoa pesa mfukoni, kama hisa wanazopewa wafanyakazi. Chukueni fedha zilizotumika kwenye uendeshaji, jumlisheni zilizonunua mitambo, mgawanye kwa 12. Mkipata milioni 10 kwa mwezi na kampuni ina milioni 150, yaani fedha taslimu pamoja na dhamana za muda mfupi, imebakiwa na miezi 15. Chini ya miezi 18 mimi nahesabu kwamba hisa mpya ziko njiani. Mwisho tazameni wateja: je, ni maabara za serikali na vyuo vinavyolipia utafiti, au ni kampuni zinazorudi kununua tena? Hapa ndipo ahadi nyingi hukwama, maana mkataba wa utafiti unaweza kuisha bila mwingine kufuata.

Mwonyeshe pia kilichotokea Januari 2025. Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya chipu za kompyuta Nvidia, alisema kompyuta za kwantamu zenye manufaa makubwa huenda zikachukua miaka 15 hadi 30. Kesho yake hisa kadhaa za sekta hiyo zilipoteza zaidi ya theluthi ya bei kwa siku moja. Hakuna mashine iliyoharibika usiku ule. Bei ilikuwa imesimama juu ya matumaini, na mtu mmoja aliyatikisa.

Pesa za kujenga mwaka ujao zisiguse soko la hisa kabisa, iwe hisa za kwantamu au za benki. Ziwekeni kwenye hati fungani za muda mfupi za serikali ya Marekani au akaunti ya akiba yenye bima ya FDIC, shirika la serikali ya Marekani linalolinda pesa za wateja wa benki. Lakini usimnyime mume wako kila kitu. Akishasoma ripoti na bado anaamini, atengewe dola 900, na ziwe nje ya hizo 18,000, zitoke kwenye mishahara ya miezi ijayo. Anunue kwa mafungu matatu, kila moja baada ya ripoti ya robo mwaka, na kabla ya fungu la kwanza aandike kwa mkono wake ni jambo gani likitokea atauza. Karatasi hiyo uiweke wewe.

Na hisa zako za Safaricom usiziuze ili kununulia hizi. Ukitaka kuziuza, iwe kwa hesabu za Safaricom yenyewe: gawio inalotoa, na gharama za Ethiopia, ilikofungua huduma Oktoba 2022 na kupata hasara katika miaka ya kwanza. Akaunti ya CDS, inayotunza hisa zako kielektroniki, ina jina lako, na anayeamua ni wewe.