Kabla hujainunua bastola kongwe ya shabaha

Mpwa wangu yuko Columbus, Ohio. Wiki iliyopita nimekaa zangu barazani hapa Wete nasubiri adhana ya alasiri, simu ikalia. "Mjomba, nimeona bastola ya shabaha ya zamani, ya kiwanda cha High Standard, mwenyewe anataka dola 600. Niichukue?"

Nimeishi mji huo miaka 11, na kila Alkhamisi jioni nilikuwa klabuni natoboa karatasi kwa bastola kama hiyo. Nikamjibu kwa sauti dakika ishirini nzima. Najua wapo Wapemba wengine huko wenye ugonjwa huohuo, basi nayaandika.

Sheria kwanza. Yeye ana grini kadi na miaka 21 ameshaipita. Wewe uliye kwa viza ya muda, mfano ya masomo, usiiguse: sheria ya Marekani inakukataza kumiliki silaha, ila kwa masharti machache. Muuzaji akiwa wa jimbo jingine, bastola lazima ipitie kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni. Na usithubutu kuja nayo nyumbani likizo. Pale uwanja wa ndege Kisauni hakuna wa kukuchekea.

Haya, bastola yenyewe. Wengi hutazama weusi wa chuma na mbao za mshikio. Mimi naanza na magazini, kile kisanduku kinachobeba risasi. Zile midomo mbili za juu ndizo zinazoishika risasi katika mwinamo wake. Zikipinda kiasi cha unywele, risasi inagonga chuma pembeni ya tundu la mtutu badala ya kuingia. Yangu niliuziwa na magazini ambayo mtu alishaikunja kwa koleo. Miezi mitatu nalaumu risasi, kumbe ugonjwa uko hapo, na magazini nyingine ya asili ilinitoka karibu dola 100. Kwa hiyo suala la kwanza: ziko ngapi, na ni za kiwandani?

Halafu itoe magazini, vuta nyuma slaidi, kile chuma kinachokwenda nyuma na mbele kila ukipiga, hakikisha kwa macho na kidole kuwa hamna kitu, kisha mulika tochi mdomo wa chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Risasi ya .22, hii ndogo inayotumiwa na bastola hizi, baruti yake ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa kitako, kwa hiyo pini hupiga pembeni, si katikati. Mtu akizoea kufyatua bastola tupu, pini inakula ukingo wa chemba. Utaona kidonda kidogo kama alama ya jino. Kikishaota hapo, maganda hukwama. Fundi anaweza kukirekebisha, lakini shusha bei.

Soma pia maandishi ya kwenye mtutu. High Standard walitengeneza za Olympic zinazotumia .22 Short, yaani risasi fupi, kwa mashindano ya kufyatua harakaharaka. Nzuri mno, ila .22 LR (Long Rifle), hizi ndefu za kila duka, haziingii humo.

Nilipofika kwenye risasi, kijana akanikata: ameshanunua boksi la zile za kasi, "ndo zenye nguvu". Mwanangu, bibi wa miaka sabini humpi muhogo mbichi atafune. Bastola hizi za shabaha zilitengenezewa risasi za kasi ya kawaida, za uzito wa gramu 2.6, zinazotoka karibu futi 1,070 kwa sekunde. Zile za kasi zinapita 1,200. Kwenye karatasi iliyo yadi 25 hupati faida yoyote, ila slaidi inarudi kwa kishindo na fremu ya zamani inaweza kupasuka. Mimi nilikuwa natumia risasi za CCI Standard Velocity kwa mazoezi. Lakini kila mtutu una choyo chake: nunua aina tatu, boksi mojamoja, egemeza mkono, piga kumi kumi, uone ipi inakusanya matundu pamoja. Ile ya bei ghali huenda ikashindwa, mimi imenitokea. Na kabla ya yote hayo badilisha springi ya kurudisha slaidi. Ni pesa ndogo.

Usafi ndipo nilipoaibika mwenyewe. Sisi tumelelewa na bahari. Hapa panga ukililaza nje usiku mmoja linaamka na kutu. Basi bastola yangu nikaiogesha mafuta kama cherehani ya mama. Mwezi wa Januari, baridi la Ohio, siku ya mashindano, mafuta yale yameshachanganyika na nta ya risasi na masizi, yamekuwa uji. Slaidi ikawa inarudi kivivu, risasi ya tatu ikasimama wima kama mlingoti. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu akaifungua, akatoa tope jeusi kwa kijiti cha pamba, akaniuliza kama naipikia chapati.

Tone moja kwenye njia za slaidi linatosha. Uso wa slaidi na chemba safisha kila ukitoka klabuni. Mtutu hauhitaji kusuguliwa kila mara, na ukiusafisha anzia nyuma, usikwaruze mdomo wake wa mbele. Kisha nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, maana madini ya risasi (lead) ni sumu. Nilikuwa napelekewa halua ya Wete, na haiguswi mpaka ninawe mara mbili.

Jana kaniletea picha. Kaipata kwa dola 520, magazini mbili, chemba safi. Inang'aa mafuta mpaka yanachuruzika kwenye kitambaa cha meza.

Nimempigia.