Maswali yenu ya forensiki: tamthilia sio silabasi

Maswali ya forensiki, yaani sayansi ya kuchunguza vielelezo vya uhalifu, yamejaa na nusu yake ni lile lile moja, kwa hiyo nimechukua machache tu, na yule aliyeuliza mara nne kwa majina tofauti ajijue.

Nina digrii ya kemia. Niende masta ya forensiki au nibaki kwenye kemia?

Mdogo wangu, uko pazuri kuliko unavyodhani. Maabara nyingi zinamtaka mtu aliyeiva kwenye kemia au baiolojia, mambo ya vielelezo watamfundisha wenyewe, kuliko yule aliyeonja kila kitu kidogo kidogo halafu ukimuuliza kromatografia inatenganishaje vitu anaanza kuangalia dari. Masta ya forensiki sio mbaya, ila kabla hujalipa ada fungua orodha ya kozi usome moja moja. Ukikuta ni semina za saikolojia ya wahalifu na historia ya upelelezi mwanzo mwisho, kimbia. Unatafuta masaa ya maabara, takwimu, na utafiti unaoufanya mwenyewe kwa mikono yako. Kwa Marekani angalia kama programu ina ithibati ya FEPAC, bodi inayokagua programu za forensiki vyuoni, kwa Uingereza angalia ile ya Chartered Society of Forensic Sciences, chama cha wataalamu wa forensiki. Na kama ndoto yako ni DNA kule Marekani, viwango vya FBI vinataka uwe umesoma biokemia, jenetiki, baiolojia ya molekuli na takwimu, sasa kama hizo hazipo kwenye matokeo yako jina zuri la masta halitakusaidia kitu.

Nataka kazi ya kwenda eneo la tukio, kupima damu maabara, na kuwahoji watuhumiwa.

Hizo ni kazi za watu watatu, chagua moja.

Hesabu na mimi hatupatani kabisa. Forensiki itanifaa?

Hapa tukae kidogo. Uingereza kuna mama aliitwa Sally Clark, alifiwa na watoto wake wachanga wawili kwa nyakati tofauti, akashtakiwa kuwaua. Mwaka 1999 daktari bingwa akasimama mahakamani akasema uwezekano wa vifo viwili vya ghafla vya watoto kwenye familia kama ile ni 1 kwa milioni 73. Kaipataje? Kachukua 1 kwa 8,543 akaizidisha kwa yenyewe, basi, kana kwamba kifo cha kwanza na cha pili havihusiani hata chembe, wakati ndugu wa damu wanashare jeni na nyumba moja. Halafu ni rahisi sana mtu asiye na takwimu kuisikia namba hiyo kama ndio uwezekano kwamba mama hana hatia, jambo ambalo ni tofauti kabisa. Mama akafungwa maisha, rufaa ikamtoa 2003, na 2007 akafariki. Sasa wewe unaniambia hampatani na hesabu? Patana nazo kwanza! Siku moja hakimu atakugeukia akuulize hiyo namba yako ina maana gani, na wakati huo hakuna wa kukunong'oneza jibu. Mimi ningekuwa na uwezo, hakuna ambaye angepewa masta hii bila kozi mbili za takwimu, na wale wanaolalamika wangepewa ya tatu.

Nikimaliza masta ya forensiki nitaruhusiwa kupasua maiti?

Hapana. Huyo ni daktari, kasoma udaktari kwanza kisha patholojia miaka mingine. Hili nimelijibu mpaka nimechoka.

Masta yangu haijaisha, imebaki tasnifu tu. Naweza kuandika kwenye CV kwamba ninayo?

Usithubutu. Annie Dookhan, mkemia wa maabara ya serikali Massachusetts, alidai ana masta ya kemia wakati hana. Lakini huo uongo ulikuwa mdogo, kwa sababu alikuwa pia anaandika majibu ya dawa za kulevya ambazo hakuzipima, wenzake wanashangaa anavyofanya kazi haraka, wakubwa wanamsifia. Akakamatwa 2012, mwaka uliofuata akafungwa, na 2017 mahakama ikafuta kesi zaidi ya 21,000. Elfu ishirini na moja, jamani. Andika "masta inaendelea, imebaki tasnifu" ulale usingizi. Na ujue kwenye kazi hizi wanachimba historia yako, wanapiga simu chuoni, kwingine wanachukua mpaka sampuli ya DNA yako wewe mfanyakazi ili ikijitokeza kwenye kielelezo wajue ni wewe umechafua.

Nimekosa fildi kwenye maabara ya jinai, mwaka umepotea?

Haujapotea bwana. Nenda maabara ya maji, ya chakula, ya dawa, popote wanapofuata ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara, ukajifunze kuandika kila hatua, kupima sampuli tupu, isiyo na kile unachokitafuta, pembeni ya sampuli yako, na kushuku vifaa vyako mwenyewe. Hilo la mwisho ndio kubwa. Polisi wa Ujerumani walimsaka kwa miaka mwanamke mmoja ambaye DNA yake ilikuwa inaonekana kwenye mauaji, kwenye wizi, mpaka Austria na Ufaransa, tukio moja halifanani na jingine. Mwaka 2009 ikaja kujulikana ni DNA ya mfanyakazi wa kiwanda kilichohusika na vile vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli! Vijiti vilikuwa visafi kwa maana ya vijidudu, ila kuua vijidudu hakufuti DNA. Kijana aliyezoea kupima kijiti kitupu kwenye maabara ya maji namchukua mbele ya mwenye cheti cha semina ya siku tatu.

Mimi muoga wa kuongea mbele za watu ndio maana nataka maabara.

Pole, wakili wa utetezi anakusubiri. Anza leo, mweleze bibi yako kielelezo kinavyopimwa mpaka aelewe, na ujizoeze kutamka "sijui" bila kutetemeka, maana wanaoogopa neno hilo ndio wanaobuni majibu kizimbani.

Naomba notsi zote za forensiki na ushauri.

Notsi zote za nini? Haya, anza na takwimu.