Gari ya maili kuisoma kwa kilomita

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama gari yako iliyotoka Uingereza inaweza kusoma kilomita badala ya maili. Inategemea dashibodi. Kama spidi inatoka kwa tarakimu, simamisha gari, ingia kwenye menyu kwa vitufe vya sukani, tafuta sehemu ya vipimo, chagua km/h. Basi.

Kama ni ya mshale, menyu haitokusaidia kwa sababu namba zimechapwa. Lakini iangalie vizuri: chini ya zile namba kubwa kwa kawaida kuna safu ya namba ndogo, na hizo ndizo kilomita. Fuata hizo. Tafadhali usizichanganye, kwani mshale ukigusa 50 kubwa unakwenda kilomita 80 kwa saa, na pale Bububu, Unguja, wakati skuli zinatoka watoto wanavuka kwa makundi. Kilomita 50 ni kama maili 31 tu.

Wengi wanasahau mita ya masafa, ambayo huenda bado inahesabu maili. Maili moja ni kilomita 1.609. Fundi akikwambia urudi kubadilisha oili baada ya 5,000, huku kwetu anakusudia kilomita. Ukisubiri maili 5,000 umeshapita kilomita 8,000, na injini ndiyo inayoumia. Wewe hesabu maili 3,100, uandike kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango.

Uso wa saa ya spidi unaweza kubadilishwa, ila usimruhusu mtu aguse masafa yaliyorikodiwa. Siku ya kuiuza, mwambie mnunuzi wazi kuwa hizo ni maili.